Maji Hayana Hati

Tulipita miwa ya TPC, kilomita kwa kilomita,
kisha miwa ikakoma ghafla, kama mtu aliyekatwa kauli,
na vumbi likaanza, jeupe, la magadi.
Dalali alikuwa na pikipiki na neno moja: "Patulivu."
Kila alipolitamka aligeuka kunitazama
na pikipiki ikayumba.

Kiwanja chenyewe: migunga mitatu, kichuguu,
kiatu cha mtoto cha mguu wa kushoto,
na mbele yake bwawa la Nyumba ya Mungu
limelala pana, rangi ya chai ya maziwa ya kuazima.
Ng'ambo, milima ya Upare. Kisogoni kwangu, Kibo
anachungulia mawinguni kama shangazi
anayetaka kujua nimetoa shilingi ngapi.

Milioni nne na nusu, shangazi. Walianzia sita.
Miaka thelathini na mmoja nimechambua kahawa kiwandani Moshi,
nikiijua punje mbovu kabla kidole hakijaigusa.
Mafao yalikuja mafungu mawili.
La kwanza liliishia kwenye ada ya Ndekirwa na bati za kanisa.
Hili ni la pili. La tatu halipo.

Kibosho tulizaliwa sita chini ya migomba ileile.
Baba alipofariki, kaka zangu walipima kihamba kwa kamba ya mbuzi,
huyu hadi mfereji, huyu hadi kaburi la bibi,
nami nikapewa kazi ya kuwapikia wapimaji.
"Wewe utaolewa." Nikaolewa.
Mume akafa, na kwao nako
ikatoka kamba.

Basi usinishangae kuja na tepu ya fundi.
Mbwambo, mwenye kuuza, alitaka tuhesabu hatua;
hatua za muuzaji nazijua, huwa za bata.
Arobaini kwa themanini, mita kamili, nikavuta mwenyewe
miiba ikinichana sketi.
Mwenyekiti wa kitongoji akakohoa:
"Mama, sheria ni mita sitini kutoka majini. Humo hujengi."
Themanini kutoa sitini.
"Na ukingo wa maji ni upi?"
Mbwambo akaonyesha tope.
Mwenyekiti akaonyesha mgunga wa pili.
Mama mmoja aliyekuwa akianika perege,
ambaye hakuna aliyemwomba ushauri,
akanyoosha kisu nyuma yetu sote, kule barabarani
tulikoegesha pikipiki.
"Mwaka wa mvua ile yalifika pale. Maji hayana hati."

Nilicheka mpaka nikashika goti.
Hapo ndipo bei ilipoanza kushuka.

Tuliandikishana juu ya tangi la pikipiki:
mashahidi wawili wake, wawili wangu,
fungu la kijiji, muhuri uliokauka
ukapuliziwa pumzi mara tatu.
Fomu ilikuwa na nafasi: *binti wa*, au *mke wa*.
Karani akangoja. Perege wakanuka.
Nikaandika Aikande, kisha nikapiga mstari
mpaka mwisho wa karatasi, asije mtu akajaza.

Nyumba bado. Nina mita ishirini za kujenga
na sitini za kutazama.
Jumamosi nilirudi na fimbo nne za masale
nilizokata mpakani mwa kaka yangu, mchana kweupe,
yeye akiwa barazani, asiseme neno.
Kwetu sale huchomekwa penye mpaka,
au hupelekwa kwa mtu unayetaka akusamehe.
Haya sijui nimeyaleta kwa lipi.
Mama wa perege kasema hayatashika, ardhi ina chumvi,
kisha akaniazima ndoo.

Nimeyamwagilia maji ya bwawa, pembe nne.
Lile la chini kabisa, lililo jirani na tope,
limeinamisha jani kuelekea majini.
Labda ni upepo.
Nitakuja tena Jumamosi kulitazama.