Mara ya Kumi na Mbili

Jumamosi asubuhi, gereji ya Arvo Lahtinen,
theluji ya kwanza imetanda juu ya matairi kama unga usiochekechwa,
na sisi watano tumeizunguka ndoo iliyopinduliwa
tukiucheza upya mchezo ulioisha jana saa nne usiku.

Nati ndio vijana wetu.
Boliti zenye kutu ndio Kettle Ridge.
Arvo ndiye aliyezigawa, na hakuna aliyemuuliza sababu.

"Hapa," anasema, kidole cheusi kwa grisi,
"jaribio la nne, yadi thelathini na nane kufika,
dakika moja imebaki, tumepitwa pointi nne.
Nani kati yenu angeamuru vile?"

Hakuna.
Na tuseme kweli, jana tulimzomea kocha.
Mimi nilipanda juu ya benchi, kofia mkononi,
nikamwita jina ambalo mama hakunifundisha,
maana tangu robo ya kwanza mtu yule alikuwa na neno moja tu:
mpira kwa kijana wa Zupan, kushoto.
Kwa Zupan, kushoto.
Yadi mbili. Yadi moja. Patupu.
Kushoto tena,
kama ng'ombe ajuaye njia moja ya kisimani.

"Bahati," anasema Rudy, akipuliza kahawa.
"Bahati ya mlevi, akianguka huangukia godoro."

Hapo Verna anafungua daftari.
Verna, karani wa shule, miaka kumi na tisa ya penseli,
hashangilii, hazomei, anaandika tu,
hata mvua ikinyesha huandika chini ya mfuko wa nailoni.
"Mara kumi na moja kushoto," anasoma.
"Mara ya kwanza, mlinzi wao namba ishirini na saba
alisimama yadi kumi nyuma.
Mara ya tano, saba.
Mara ya tisa, nne.
Mara ya kumi na moja alianza kukimbia kabla mpira haujatoka."

Anaisukuma boliti moja, taratibu,
mpaka inagonga nati: ti.
Nyuma yake limebaki bati tupu.

"Zile yadi hazikupotea," anasema. "Ilikuwa karo.
Kocha alimsomesha yule mtoto usiku kucha,
somo moja, mara kumi na moja,
na mtoto akafaulu."

Rudy anaiweka kahawa chini.

Basi ikaja ya kumi na mbili. Zupan, kushoto.
Uwanja mzima ukamwangukia,
naye akasimama ghafla, akainua mkono
(mkono wa kushoto! nani alikumbuka kwamba ni mashoto?)
na Colby Maki, aliyejibwaga chini kama mzigo,
akafufuka, akatembea
karibu peke yake, na mpira ukamkuta.
Changa la macho. Hata sisi wenyewe lilitupata.

Tunacheka bado mlango unapofunguliwa.
Dale Brandvold, shemeji yake Arvo, wa Kettle Ridge,
na sanduku la maandazi aliyopoteza kwenye dau.
Namba ishirini na saba ni mwanawe.

Anaiangalia ndoo. Anaelewa.
"Yeye ni ipi?"
Verna anaonyesha kwa penseli.
Dale anaiokota, anaifuta kutu kwa kidole gumba.
"Hajala tangu jana."

Theluji inadondoka kutoka kwenye paa, kipande kizima.
"Mwambie," anasema Verna, na sijawahi kumsikia akinong'ona,
"wenzake kumi hawakuona kitu, ndiyo maana hawakudanganyika.
Mtego ule haukumfaa mjinga.
Ulitegwa kwa ajili ya aliyekuwa anasoma."

Dale haitikii. Anakula andazi moja, amesimama,
anatuaga kwa kidevu,
na boliti imo mfukoni mwake.

"Ile ni ya trekta ya mtu," anasema Arvo,
gari likishatoka barabarani.
Lakini hakumwita.