Mizani ya Pugu

Mwalimu alitufundisha mizani: kumi na sita kila mshororo,
nane ukwapi, nane utao, isipungue, isizidi.
Leo mizani yangu ni bamba la chuma njia ya Pugu Kinyamwezi.
Malori yanapanda, taa inasoma, naandika:
lori na mzigo, tani kumi na mbili;
lori tupu, tani saba;
tofauti, taka.
Sijawahi kuambiwa watu walio juu ya mzigo
niwaandike safu ipi.

Wapo watano, wa mzabuni Mkumbukwa.
Wamekalia vifuu, nepi, mifupa ya machinjio ya Vingunguti.
Mmoja ana ndala, mwingine soksi ya kushoto tu.
Mvua ikinyesha hujifunika turubai
lile lile lililofunika uozo.

Jumatatu ofisi ikaniletea fomu,
Tamko la Mzabuni, kurasa tatu, muhuri wa buluu.
Je, yupo mfanyakazi ambaye kitambulisho chake kimeshikiliwa? Hapana.
Je, yupo anayekatwa mshahara kwa deni? Hapana.
Je, kila mmoja yuko huru kuacha kazi?
Ndiyo, na alama ya vema imekaa katikati ya kisanduku
kama bibi harusi.
Kazi yangu ilikuwa kuitia kwenye faili.

Nyuma yake, orodha ya malipo: majina kumi na moja,
alama kumi na moja za dole gumba, wino wa zambarau,
na katika kila alama kovu lile lile,
mstari mfupi, kama wembe ulipita kwenye kitunguu.
Nikaazima lenzi ya mhasibu.
Watu kumi na mmoja.
Gumba moja.

Sikupiga kelele. Nilingoja lori.
Nikamwambia dereva taa imegoma, washuke wote.
Uongo mdogo; Mungu ataupima mwenyewe.
Nikawapa maji, nikawauliza majina,
na Chilongani, kijana wa Mpwapwa,
akatazama kwanza kioo cha pembeni cha lori
kabla hajalikumbuka lake.

Kisha akaanza kuhesabu, sikumwomba:
nauli ya basi, elfu thelathini;
buti, elfu arobaini, hajaziona bado;
godoro ndani ya kontena Tabata, wanalala kwa zamu;
dawa, siku alipochomwa na sindano ya mfuko wa hospitali;
faini, kwa kuumwa siku hiyo.
"Pasaka nitakuwa nimemaliza. Atanirudishia kitambulisho."
Pasaka ipi, hakusema.

Nikapanda ghorofani na fomu na lenzi.
Meneja Bi Rukia Shomvi akasikiliza hadi mwisho.
"Bei ya Mkumbukwa," akasema, "ilikuwa nusu ya wengine."
Akanyamaza. Akasema tena, taratibu: "Nusu,"
kama mtu aliyeuma mkate akakuta jino.

Hundi ya mwezi ikasimamishwa.
Mshahara uingie kwenye simu ya mtu mwenyewe, kwa jina lake;
asiye na simu anunuliwe, na asikatwe.
Ijumaa Mkumbukwa akaja, afisa kazi ubavuni,
ameshika kopo la biskuti.
Ndani, vitambulisho kumi na vinne, vimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kumi na kimoja vikapata wenyewe.
Chilongani alikipangusa chake kwa fulana,
akasimama pale pale mlangoni.
"Dada, sasa lile deni namlipa nani?"
Nikamwambia hakuna deni.
Akaitikia.
Kesho yake akaja kuniuliza tena.

Vitatu nimebaki navyo.
"Hao waliacha," Mkumbukwa alisema, akitazama feni.
Kimoja picha imefifia, jina linasomeka: Ntahondi, wa Kasulu.
Nimempigia mtendaji wa kata yao mara mbili; anasema atauliza.

Jana jioni, lori la mwisho lilipotoka,
niliviweka vitatu katikati ya bamba, nikarudi dirishani.
Taa ikasoma sifuri.
Mizani hii haioni kitu
kilicho chini ya kilo ishirini.