Kinyota kwenye Safu ya Sita

Oktoba. Fomu imerudi na njaa yake.
Inataka idadi, rangi, jinsia, lugha ya nyumbani,
nani anakula cha mchana bure na nani analipa nusu,
na wangapi wamefaulu hesabu.
Mimi, Ardis Tveit, karani wa sekondari hii
tangu mabomba yake yakiwa mapya,
naipokea kama mgeni mwenye kisirani:
naikalisha mezani, kahawa nainywa mwenyewe.

Watoto themanini na watatu.
Nafuta.
Themanini na wawili. Jana kina Ohnstad walipakia friji,
shamba limekwenda kwa mnada, na Solveig
alikuja kurudisha kitabu cha kemia
akiwa amekifuta vumbi.

Pembeni ipo barua ya ofisi ya jimbo:
ufaulu umeporomoka kwa asilimia kumi na tano.
Kuporomoka! Ungedhani ghala la mahindi
limelalia barabara kuu ya Iowa.
Lakini darasa la kumi na moja lilikuwa na watoto ishirini.
Piga hesabu nami: kila mmoja
ana uzito wa asilimia tano, na begi lake.
Walioporomoka ni watu watatu,
nami nawajua mpaka saizi za viatu.

Royce Halvorson alikesha zizini
na ng'ombe aliyekuwa akizaa vibaya.
Ndama akapona, aljebra ikafa.

Wilmer Tzoc alifika Februari, mtihani ukawa Aprili.
Mzingo anaujua: aliupima kwa hatua
kuzunguka uzio wa babu yake, milimani Guatemala.
Neno lenyewe ndilo lililomgeukia, kwa lugha yetu,
likamtazama kama mbwa asiyemjua.

Na Htoo Wah, ambaye husinzia akiwa wima.
Husafisha misumeno ya kiwanda cha nguruwe mpaka alfajiri.
Kwenye fomu yangu ana miaka kumi na sita.
Kwenye fomu ya kiwanda, sijauliza.
Sijauliza.

Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Hapa kibaba ni kilekile; haba ndiyo inayohama,
inayolala, inayosubiri mkalimani.

Ukutani, picha za mahafali:
mwaka wa sitini na moja, nyuso thelathini, majina manne,
wote binamu, wote na pua ya mzee Halvorson.
Mwaka huu nyuso kumi na saba, majina kumi na saba.
Watu hupita hapo wakatikisa kichwa.
Wengine kwa huzuni. Wengine, nadhani,
wanatafuta tu pua zao.

Sasa safu ya sita: watu wa visiwa vya Pasifiki.
Yupo mmoja. Sheria inasema, kundi likipungua kumi
tarakimu isichapwe, kiwekwe kinyota,
ili mtoto asitambulike.
Asitambulike! Neijon Lajuan, apigaye tuba
kubwa kuliko kiwiliwili chake,
ambaye mji mzima humpungia mkono kwenye taa yetu moja,
na aliyepata tisini na nane,
alama ambayo hapa haijaonekana tangu mabinamu.
Kwenye jedwali, hakuna. Kinyota.

Ndipo akaingia, amechelewa, theluji ya kwanza nyweleni,
akaegemea kaunta, akasoma juu chini chini juu.
"Hiki ni mimi?"
Ni wewe.
"Na Wilmer?"
Wilmer yumo ndani ya arobaini walioanguka.
Akafikiri. "Mimi nimefichwa peke yangu,
yeye amefichwa na wenzake."
Hakusema kama mtu anayelalamika.
Alisema kama anayekagua jibu.

Kengele ikalia.
Nikaisukuma fomu kando,
nikavuta kijitabu cha vyeti vya kuchelewa,
nikaandika jina lake lote, herufi kwa herufi,
kwa wino.