Dakika Moja na Nusu

Vita, sisi tulivijua kwa kibaba.
Mchele wa Bama ulikatika, ukaja unga wa njano,
kisha muhogo, na muhogo, na muhogo,
na kadi iliyochanika kwa kukunjwa.
Mjapani hatukumwona. Tulimwona Jeraji
akipangusa mizani isiyo na kitu.

Kwa hiyo ilipoingia simu Chake kuwa tumeshinda,
watu waliulizana: mchele unashuka lini?
Lakini Bwana Shauri alitaka sauti.
Kesho, saa tatu, uwanjani pa boma,
pawe na kitu cha tarumbeta,
kipya, cha ushindi.

Usiku ule mjomba Shaame Mcha hakulala.
Alitunga kwa mdomo mtupu, pu-pu-puu gizani,
mkewe akadhani ana homa.
Karatasi hakuna. Akaandika nyuma ya fomu ya mgao,
vinukta kama sisimizi waliokuta sukari.
Mimi nikayasugua matarumbeta matatu
kwa ndimu na majivu
mpaka shaba ikanitazama.
Ngoma kuu ikaoteshwa moto wa makonyo,
ikanuka karafuu, ikakaza, ikaanza kujibu.
Tuazi tulikuwa nalo moja;
la pili lilikuwa kifuniko cha sufuria ya Bi Mize Khatib.

Asubuhi. Bendera. Viatu vya watu wa serikali.
Niliishika fomu juu ya kichwa changu, mjomba apate kuona.
Tarumbeta la kwanza likaichana hewa,
la pili likalifuata kisigino,
la tatu likapanda mahali pasipo ngazi,
ngoma ikasema ndivyo, ndivyo, ndi-ndi-ndivyo,
kifuniko kikaitika chaa!
Basi.

Punda wa Jeraji akatikisa sikio.

"Mbona fupi?" Bwana Shauri aliuliza kwa kinywa cha karani.
Mjomba akafuta midomo.
"Mwambie hiyo ndiyo pumzi ya muhogo.
Ukija mchele tutaongeza."
Karani alitafsiri jambo jingine,
na Bwana Shauri akatabasamu.

Watu wakapiga kelele: tena!
Tukarudia mara saba. Mara ya saba
tarumbeta la tatu halikupanda tena, lilikohoa,
na watu wakashangilia hicho kikohozi.

Bi Mize hakupiga kigelegele.
Mwanawe Ngwali alikwenda huko huko
ulikokuwa ukitoka mchele,
na barua yake ya mwisho ilikuwa na mistari minne,
miwili imepakwa wino mweusi.
Alikuja kutaka kifuniko chake.
Akakigeuza juani, akakiona kimebonyea.
"Hapo mwisho," akauliza,
"ndipo wanapofika, au ndipo wanapoondoka?"

Mjomba, aliyeitunga, hakujua.
Akasema kifuniko atakinyoosha.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye mstari kwa Jeraji,
wa kumi na nane, kadi mkononi,
ndimu bado inaniwasha kwenye kucha.