Swali la Nestani

Nilikuwa na jibu ulimini.
Kutaisi, mwezi wa pili, theluji ya jana imegeuka tope
mlangoni pa wodi ya moyo,
na Nestani, mwaka wa tatu wa uuguzi,
ananiuliza mbona miguu ya mzee Otari
imevimba tena, wiki mbili tu tangu tumruhusu.

Miaka kumi na tisa nimewalisha wanafunzi kwa kijiko.
Natafuna mimi, wanameza wao,
mtihani ukija wananitapikia yale yale
nami nawapa alama.

Siku hiyo nikajiuma ulimi.
"Katafute. Ijumaa unifundishe."

Alinitazama kama vile nimemnyima maji.

Jumanne akaleta kurasa alizonakili kwa mkono:
chumvi, figo, moyo uliochoka kusukuma.
Vyema, nikamwambia, hiyo ni miguu ya kitabuni.
Ya Otari je?
Akatoka bila kuaga.
Mlango ukanijibu kwa niaba yake.

Jumatano sijui alikokuwa.
Alhamisi nikamkuta amevuta kiti kando ya kitanda,
daftari limefungwa gotini,
wanazungumza mikate.
Mikate! Nusura niingilie.

Ijumaa alikuja mikono mitupu, macho mekundu.
"Anaoka usiku," akasema,
"peke yake, tanuri liko chini ya jengo,
choo kiko ng'ambo ya barabara.
Akimeza kidonge cha kutoa maji jioni, kama tulivyomwandikia,
atapanda ngazi mara sita
na mikate itaungua.
Basi huvitia mfuko wa koti.
Tumevihesabu pamoja. Kumi na viwili
kati ya kumi na vinne."

Akanyamaza, akafuta pua kwa kiganja.
"Nimemuuliza daktari kama anaweza kuvimeza mchana, akishaamka.
Amekubali."

Jibu langu bado lilikuwa ulimini.
Lilikuwa *chumvi*.
Nikalimeza.

Nikamuuliza, safari hii si kwa mtego,
alijuaje pa kutafuta.
"Sikujua," akasema. "Nilipotea kwanza.
Nilikaa tu, nikamwacha aseme
unga ulivyopanda bei."

Tangu hapo daftari lake lina ukurasa
wenye kichwa: *Nisiyoyajua.*
Leo asubuhi nimechungulia begani pake.
Kuna swali jipya, refu, limepigiwa mstari mara mbili.

Hakuniuliza mimi.