Daftari la Usajili, Tororo

Daftari ni langu. Kurasa zake zina vumbi la saruji
na doa moja la mchuzi wa njugu, la siku Ekisa alipohama.
Mstari mwekundu, ameondoka.
Wa bluu, amekuja.
Penseli ni ahadi tu.

Mpira wenyewe una umbo la yai.
Ulitoka Australia sandukuni mwa mhandisi wa kiwanda,
akarudi kwao akatuachia, pamoja na sheria kurasa sita.
Milingoti, minne kila upande, tuliikata kwenye mikalitusi
iliyotoka huko huko, miaka mingi kabla ya mpira,
ikanywa kinamasi chetu hadi ikajiona mwenyeji.
Kati ya ile miwili mirefu, pointi sita.
Pembeni, pointi moja.
Ni mchezo unaolipa hata kukosa,
mradi ukose karibu.

Enzi hizo Reli walikuwa juu:
vijana wa nyumba za stesheni, mbavu za kuhesabika,
na Ekisa, ambaye akiruka kuudaka
unapata muda wa kumeza mate kabla hajashuka.
Obbo, mwenyekiti wa Saruji, alimtazama misimu miwili
akitafuna kijiti,
halafu akaenda, si kwa Ekisa, kwa mama yake.
Hakubeba pesa. Alibeba mifuko tisa juu ya baiskeli tatu.

Mama Ekisa alikuwa amefagia miaka ishirini,
vumbi likizaa vumbi.
Ingia kwake leo: sakafu inang'aa, nyayo zinapoa.
Msimu mzima wa Reli umelala pale, chini ya mkeka.
Sikumlaumu. Nilipiga mstari mwekundu,
nikala njugu zake, nikamwaga kidogo.

Baada ya hapo ikawa ni kuchukua.
Opendi kwa kazi ya getini.
Pacha wa Nagongera kwa pikipiki moja
(wanaigombania hadi leo).
Hata Wandera wa mguu wa kushoto, asiyehitajika,
ili tu Reli wasiwe naye.
Reli walipigwa mia moja arobaini kwa tisa.
Zote tisa za pembeni.

Lakini waulize wenye maduka ya vifaa:
saruji haiwekwi akiba.
Mvua moja ikipenya bati, mfuko unaganda.
Unabaki na sura ya mfuko, na mshono, na nembo,
ila ni jiwe.
Niliona benchi la Saruji mwaka wa nne,
wanaume kumi na tisa, jezi safi,
Wandera akichorachora vumbi kwa ule mguu wa kushoto.
Walisajiliwa pamoja, wakazeeka pamoja,
magoti yakagoma wiki moja.

Reli, wasio na cha kununulia,
waliokota waliobaki: watoto wa kufuata mpira ukiangukia mihogoni,
na Nyafwono, binti wa muuza samaki,
ambaye hakuna sheria iliyomkataza
kwa kuwa ukurasa wa tano uliliwa na mchwa.
Hawa hawakujua kuogopa jina la mtu.
Jumamosi moja ya Agosti walishinda kwa pointi moja,
na hiyo moja ni ya pembeni:
Nyafwono alilenga katikati.

Ekisa alikuja jioni, goti limefungwa kitambaa,
akaomba nimwonyeshe ukurasa wake wa zamani.
Alipitisha kidole juu ya mstari mwekundu
kama mtu anayejaribu kama rangi imekauka.
"Na sakafu?"
"Imepata ufa," akasema. "Mlangoni. Mdogo."

Jana nimeona baiskeli tatu zikielekea kwa muuza samaki,
magurudumu yamebonyea kwa mzigo.
Sikuwatambua wanaosukuma.
Ama Saruji wameanza tena,
ama Reli wamejifunza.
Nimechonga penseli.