Nyuma ya Hariri

Bwana Pyo alichora mbele, mimi nikapaka nyuma.
Ndivyo tulivyogawana kazi pale Hanyang:
yeye mistari, nyusi, ukingo wa kofia nyeusi;
mimi chali sakafuni, chini ya fremu,
rangi ikinidondokea kidevuni,
nikiupaka weupe mgongo wa hariri
ili uso, ukitazamwa, uwake kwa ndani
kama taa iliyofunikwa ungo.

Waziri Maeng aliketi siku tisa.
Ngozi ya chui kitini, miguu juu ya kibao,
mikono imemezwa na mikono ya joho
(mwenye nguvu haonyeshi vidole).
Kifuani, korongo wawili wamekabiliana.
Korongo mmoja ni cheo.
Wawili ni mlango wa mfalme.

"Makovu ya ndui, Mheshimiwa, tuyaweke?"
"Yote. Unywele mmoja ukikosewa
wajukuu wangu watamfukizia ubani mtu mwingine."
Nikayahesabu: thelathini na mawili, shavu la kushoto.
Kwa hilo nilimpenda kidogo.
Lakini alipokwisha kuaga alirudi mlangoni,
akanong'ona kama anayeomba chumvi kwa jirani:
"Hao korongo. Wanenepesheni."

Tukawanenepesha.

Mwaka wa tatu upepo wa ikulu ukageuka.
Yeye akapelekwa kisiwani, kula mwani na majuto.
Kwetu ikaja amri, mistari miwili tu: ndege waondolewe.
Bwana Pyo macho yalikuwa yamekwisha,
nikashika mimi kisu cha mwanzi.
Karani alisimama nyuma yangu
akipasua mbegu za msonobari kwa meno.
Nikakwangua bawa, shingo, wingu, bawa la pili,
hata kifua kikabaki kitambaa,
joho la mtu yeyote.
Akagonga muhuri, akaenda zake.

Cheo ni koti la kuazima, watu husema.
Sawa. Ila hakuna aliyeniuliza
nilipaka nini kwa nyuma.

Mkewe alikuja usiku, kwa miguu, bila mtumishi.
Nikamwinulia picha mbele ya mshumaa.
Makovu yakawaka, moja moja, yote;
na chini yake, weupe, wanene, bila mstari hata mmoja,
ndege wawili.

Alitazama mpaka nta ikanichoma kidole.
Sikujua anatazama kipi.

"Iviringe," akasema.
"Uso kwa ndani."